Polisi 10,000 wanaingia Jumatatu. Wale wanaotoka nani anawahesabu?

#1 DadaWaVoi | Ijumaa 14 Novemba 2025, saa 3:12 usiku

Salamu wanajamvi.

Jumatatu tarehe 17 vijana wanaenda viwanjani kupimwa, nafasi ni 10,000 za konstebo wa polisi Kenya nzima. Hapa kwetu Voi hiyo ndiyo stori, kuna vijana wanakimbia kandokando ya reli kila alfajiri tangu mwezi wa tisa na mama zao wanawapikia mayai. Siwalaumu, kazi hakuna.

Lakini mdogo wangu alipoingia polisi tulichinja mbuzi wawili. Mwaka jana mwezi wa nane akarudisha nguo, buti, kofia na mkanda, akasaini, akatoka. Miaka saba. Saa hii yuko Doha analinda mlango wa jengo la maofisi, zamu ya masaa kumi na mbili, na mshahara ukitoa chumba na chakula haupiti sana ule aliokuwa anapata hapa. Nikamuuliza sasa faida iko wapi? Akaniambia, "Dada, huku nalala."

Kuajiri tunakujua, kuna tume, kuna kesi mahakamani, kuna matangazo gazetini. Kumfanya aliyeajiriwa abaki kuna nini? Mbona kila baada ya miaka kadhaa tunasikia elfu tano, elfu kumi, na kituo cha hapa ni walewale wachache wenye macho mekundu? Wenye kujua naomba mseme.

#2 Mtwapa Kwetu | saa 3:20 usiku

Mshahara. Hayo mengine ni maneno tu. Ongeza pesa uone kama kuna mtu atapanda ndege kwenda kulinda mlango wa Mwarabu.

#3 Sajenti Mstaafu | saa 3:41 usiku

#2 kijana wangu hujasoma posti mpaka mwisho, dada amesema pesa hazijapishana sana.

Mimi nimevaa buti miaka thelathini na moja, na kwa vile dada ametaja kulala ngoja niwaambie sisi tulilala vipi. Miaka ya tisini kwenye line, yaani nyumba za askari, ya kituo kimoja nilichokuwa, chumba kimoja familia mbili, katikati tumefunga shuka. Huku mimi na mke na mtoto, kule mwenzangu na mkewe. Mtoto akilia wanaamka watu wote, mwenzangu akirudi doria saa tisa usiku na buti za matope tunaamka wote, mke wangu hawezi kubadilisha nguo mpaka ahakikishe taa ya upande wa pili imezimwa. Na hakuna aliyeacha kazi! Kwa sababu nje hakukuwa na pa kwenda. Siku hizi kila mji una ajenti wa Qatar na Dubai, dunia imefunguka. Kwa hivyo mi naona hawa hawafukuzwi na shida, wanaitwa na nafasi. Shida zilikuwepo tangu zamani.

#4 MamaPacha Likoni | saa 3:58 usiku

Shikamoo mzee #3. Kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe, mtu aliyebaki kwa sababu hana mlango wa kutokea huyo hakubaki, amefungiwa. Na mkeo je, alisemaje kuhusu ile shuka?

Mimi mume wangu ni koplo. Septemba 2018 Rais Uhuru alipotangaza kwamba askari watoke line, wapewe marupurupu ya nyumba wakae mtaani na raia, mimi nililia kwa furaha. Nina jiko langu, watoto wana chumba. Lakini tusidanganyane pia, kuna mambo yalikuja ambayo hakuna aliyetuuliza. Nguo yake ya kazi naanika ndani, juu ya kitanda, sio kambani, manake sitaki kila anayepita ajue. Jirani mmoja alipojua alianza kugonga mlango saa sita usiku mumewe akilewa, anataka mume wangu amkamate. Usiku akiitwa kazini zamani line ilikuwa hatua mia, leo anatafuta boda kwa pesa yake. Sasa hio pesa ya nyumba inaliwa na nyumba NA boda.

#5 Mtwapa Kwetu | saa 4:03 usiku

Mama Pacha umemaliza kwa kusema pesa haitoshi. Mimi nimesema nini #2? 😂

#6 MamaPacha Likoni | saa 4:05 usiku

Wewe kalale. Nimesema hatukuulizwa.

#7 WakiliChipukizi | saa 4:47 usiku

Dada #1 umesema "kuna tume", basi hapo ndipo penye vita vyenyewe.

Katiba ya 2010, ibara ya 246, ndiyo iliyounda tume ya huduma ya polisi na imeandika kazi yake bila kuficha: kuajiri na kuteua, kuthibitisha watu kazini, kuamua vyeo na uhamisho, na nidhamu. Sasa rudi nyuma ibara moja tu, 245, inasema hakuna mtu wa kumpa Inspekta Jenerali, yaani mkuu wa polisi, maagizo kuhusu kuajiriwa, kupangiwa kazi, kupandishwa cheo, kusimamishwa au kufutwa kwa askari yeyote. Ibara mbili majirani, kila moja inavuta shuka upande wake kama ile ya mzee #3. Tume ilikuwa imetangaza usajili uwe tarehe 3 Oktoba, mahakama ikausimamisha kwa kesi ya John Harun Mwau, halafu tarehe 30 Oktoba Jaji Hellen Wasilwa akaamua kuajiri ni kazi ya Inspekta Jenerali na si ya tume. Ndiyo maana Jumatatu anayeajiri ni Inspekta Jenerali Douglas Kanja.

Na kabla ya hapo wamevutana juu ya nani ashike orodha ya mishahara. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanapigania mlango wa kuingilia. Sijasikia kesi hata moja ya kugombania mlango wa kutokea, ati tume inadai "sisi ndio wenye jukumu la kujua kwa nini konstebo wa miaka saba ameacha kazi". Hakuna anayeutaka huo mzigo.

#8 Baharia wa Kilindini | saa 5:10 usiku

Wakili umeeleza vizuri ila kwa raia haijalishi nani anaajiri. Akiajiri tume rushwa, akiajiri Inspekta Jenerali rushwa. Mwaka 2014 si mahakama ilifuta usajili wote kwa sababu ya ukabila? Nani alifungwa?

#9 Kurutu14 | Jumamosi 15 Novemba, saa 12:30 asubuhi

#8 sio ukabila tu, naomba nirekebishe kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao. Usajili ulikuwa Julai 2014, watu 10,000. Aliyeenda mahakamani ni IPOA, ile mamlaka ya kusimamia mienendo ya polisi, wakasema zoezi lilijaa rushwa na kasoro, na Oktoba 2014 Jaji Lenaola akalifuta lote. Lote. Waliotoa pesa na sisi ambao hatukutoa hata shilingi, wote kapu moja.

Nilikuwa na barua mkononi. Nilishaacha kazi ya dukani, mzee alishauza ng'ombe aninunulie vitu vya kwenda navyo chuo cha polisi Kiganjo, sanduku la bati limeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Tukakaa. Aprili 2015 ikatokea Garissa, chuo kikuu, watu 148 wakauawa, Rais akasema siku ileile wale 10,000 waripoti mara moja maana nchi haina askari wa kutosha. Nikafungua sanduku nikapanga nguo tena. Kisha ikawa hapana, mahakama imeshasema, zoezi lirudiwe upya. Mwaka huohuo nikaenda kupimwa tena, safari hii wakasema mguu wangu ni bapa. Mguu ule ule.

Nina miaka 32 sasa, umri wa kuingia umeshanipita (mwisho ni 28). Sanduku ninalo, mke anawekea unga. Naungana na dada #1 kwamba wanaotoka wahesabiwe, lakini hata sisi tuliorudishwa mlangoni tuhesabiwe, manake serikali inasema haina askari na ilikuwa na sisi.

#10 DadaWaVoi | saa 1:15 asubuhi

#9 pole sana kaka. Sikuwahi kufikiria upande huo.

#11 HesabuZaMtaa | saa 2:40 asubuhi

Mnazunguka. Tatizo ni idadi. Umoja wa Mataifa unasema askari mmoja kwa watu 450. Sisi polisi laki moja na kitu, watu zaidi ya milioni 50, piga hesabu mwenyewe. Ajiri mpaka ifike ndio kazi itapungua ndio watabaki.

#12 Mwalimu wa Jiografia | saa 3:05 asubuhi

#11 hiyo namba ya 450 inatajwa kila mwaka kwenye hotuba lakini Umoja wa Mataifa haujawahi kuweka kiwango kama hicho, hakuna azimio linalosema hivyo. Imerudiwa mpaka imekuwa kama aya. Na hata ukiigawa, sensa ya 2019 ilitoa watu milioni 47.6, kwa askari laki moja unapata mmoja kwa 476, yaani hatuko mbali na hiyo 450 yenyewe. Sasa kama hatuko mbali mbona kituo cha dada kina watu wachache?

Uliza hao laki moja wako wapi. Wapo wanaolinda waheshimiwa na wake zao na mageti yao, wapo wanaolinda benki, wapo maofisini, wengine walipelekwa Haiti kuanzia Juni 2024. Hesabu inayotakiwa ni ya walioko kwenye zamu ya usiku Jumanne ya kawaida.

#13 HesabuZaMtaa | saa 3:11 asubuhi

Sawa mwalimu, hiyo ya 450 naifuta. Lakini ya zamu ya usiku umenisaidia mimi, wachache wanafanya kazi ya wengi.

#14 Moshi Mjini | saa 5:22 asubuhi

Wakuu heshima kwenu, mchango kutoka huku Tanzania. Huku kwetu kurutu anapelekwa shule ya polisi Moshi, na masharti kwenye tangazo ni makali kweli, awe hajaoa au kuolewa, hana mtoto, hana tatuu mwilini, na awe tayari kufanya kazi popote nchini. Yaani jeshi linaanza kwa kukuchukua ukiwa mwepesi huna mzigo. Ila mkuu baada ya miaka mitano huyo kijana anaoa, anapata watoto, na ule wepesi umeisha lakini uhamisho uko palepale, leo Kigoma kesho Mtwara. Kiukweli kwetu wanaoacha si wengi kama nyinyi mnavyosema, wengi wanavumilia kiinua mgongo. Ndiyo maana suala la kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, liliwauma askari sana, mkupuo wa kustaafu ulipokuwa asilimia 33 watu walinung'unika hadi bajeti ya 2024 ikapandishwa ikawa 40. Baba yangu mdogo ni askari, alikuwa anapiga hesabu hiyo kwenye karatasi kila Jumapili baada ya kanisa.

Halafu 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza jeshi la polisi libadilike liwe chombo cha kutoa huduma. Nyinyi wenzetu mlishaita Huduma tangu katiba yenu, je jina limesaidia?

#15 Sajenti Mstaafu | saa 6:02 mchana

#14 karibu ndugu. Jina likibadilika kabla mkubwa wako hajabadilika utapigiwa kelele ileile kwa jina jipya. "Utumishi kwa Wote" tumebandika ukutani tangu mimi kijana.

Ila la uhamisho umegusa penyewe. Nakubali sasa kwamba kuna kitu kinafukuza watu, nimefikiria usiku baada ya posti ya Mama Pacha. Kwetu kuna maeneo ya mazingira magumu na mtu akipelekwa kuna marupurupu yake, sawa. Lakini aliyepelekwa Mandera au bonde la Kerio anatakiwa ajue atatoka lini. Askari anavumilia chochote kama kina tarehe. Mimi nilipelekwa pahali kwa mwaka mmoja nikakaa mitano na nusu, na aliyekuja baada yangu akakaa miezi minne kwa sababu anajuana na mtu. Siku ile ndiyo nilitaka kuacha. Mke alinizuia. (Mama Pacha umeuliza alisemaje kuhusu shuka, nimemuuliza leo, amesema nisimkumbushe.)

#16 Ngano za Bara | saa 8:30 mchana

Hamtaki kusema ukweli. Wanaobaki ni waliolipa kuingia.

Nawaeleza nilichokiona kwa jirani yetu, sitaji mtu wala mahali. Familia ilitoa laki tatu na nusu, wakauza kipande cha shamba na kingine wakakopa. Kijana akaingia. Mwezi wa kwanza wa mshahara mdai yuko mlangoni. Huyo kijana hawezi kuacha kazi hata akitukanwa na OCS, mkuu wa kituo, kila asubuhi, kwanza arudishe shamba. Atalirudisha na nini? Mnajua wenyewe barabarani kuna nini. Yule aliyeingia kwa miguu yake bila kulipa, kama mdogo wa dada, ndiye anayeweza kusema imetosha, kwa sababu hadaiwi. Kwa hivyo ile rushwa ya mlangoni inafanya kazi mbili, inaingiza wasiofaa na inawashikilia humohumo, na wanaofaa ndio wepesi wa kuondoka. Sera yoyote ya kubakisha askari isiyoanza uwanjani siku ya kupima urefu ni kazi bure.

#17 WakiliChipukizi | saa 8:52 mchana

#16 hii ndiyo hoja nzito kuliko zote mpaka sasa, hata yangu.

#18 MamaPacha Likoni | saa 9:14 alasiri

#16 hoja nzito lakini usitutie wote gunia moja. Mume wangu hakulipa na yuko kazini mwaka wa kumi na nne. Anabaki kwa sababu anaipenda. Wapo.

#19 Ngano za Bara | saa 9:20 alasiri

Samahani dada, kweli wapo. Nilikuwa na uchungu wa lile shamba.

#20 NesiWaZamu | saa 2:10 usiku

Nimesoma yote. Nafanya kazi wodini na nimepokea askari wengi, nataka kusema kuhusu lile neno "nalala".

Mnakumbuka Baragoi, Novemba 2012, bonde la Suguta? Walitumwa kufuata mifugo iliyoibwa wakavamiwa, zaidi ya 40 walikufa siku moja, na wengi walikuwa vijana waliotoka mafunzoni karibuni. Tulizungumza habari za waliokufa. Waliorudi tuliwaongelea lini? Nimekaa na mtu ambaye kila saa kumi alfajiri anaamka anatafuta bunduki ambayo alishairudisha ghalani. Mwenzake amekufa Jumatatu, Jumatano yeye yuko barazani anaandika ripoti ya kuku aliyeibwa. Akisema hajisikii vizuri kichwani anaogopa atanyang'anywa silaha na cheo kitachelewa, kwa hivyo anasema tumbo linauma. Nimetibu matumbo mengi ambayo hayakuwa matumbo.

Askari haruhusiwi kujiunga na chama cha wafanyakazi, katiba ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo ipunguzwe kwao. Sawa, naelewa sababu. Lakini basi nani anasema kwa niaba yake kabla hajafika kwangu? Dada #1 mdogo wako ameenda mahali anapolala. Kwangu mimi hiyo ni dalili ya ugonjwa uliosababishwa na kazi, na mgonjwa amejitibu kwa kuondoka.

#21 DadaWaVoi | saa 2:31 usiku

#20 nimesoma nikaweka simu chini. Nitampigia kesho.

#22 Mzaramo wa Leicester | saa 4:00 usiku

Habari za huko. Nimekaa Uingereza miaka mingi nikaona hii sinema ikichezwa huku na pesa nyingi. Serikali ilipunguza polisi karibu 20,000 England na Wales kuanzia 2010, halafu 2019 Boris Johnson akaahidi kuajiri 20,000 kufikia Machi 2023. Wakafanikiwa, hata wakapita, 20,951. Lakini waliopunguzwa walikuwa wazoefu na walioingizwa ni wageni, mtaani ukimwita askari anakuja kijana wa miaka ishirini na mbili na mwenzake anayemfundisha ana miaka ishirini na minne. Namba ilirudi, uzoefu haukurudi, na wengi wa wale wapya wakaanza kuacha mapema. Kwa hivyo 10,000 yenu naiombea heri ila nani atawafundisha wakitoka chuoni?

#23 Baharia wa Kilindini | saa 4:18 usiku

#22 huko walau wanahesabu wanaoacha. Ndio swali la kichwa cha uzi huu.

#24 Digrii Kabatini | Jumapili 16 Novemba, saa 4:40 asubuhi

Hakuna aliyetugusa sisi wenye digrii. Makonstebo wenye shahada tulikuwa tumewekwa kwenye mshahara wa inspekta, ikifika 2018 tukarudishwa mshahara wa konstebo, mwezi mmoja tu kama mtu kukata kamba, na mikopo ya sacco tulishaichukua kwa mshahara wa kwanza. Kuna mwezi nilibaki na shilingi mia nane baada ya makato. Watu wakaenda mahakamani. Sasa tume ya Maraga, Jaji Mkuu mstaafu, iliyoundwa mwisho wa 2022 ikakabidhi ripoti kwa Rais Ruto Novemba 2023, ilipendekeza askari waongezwe asilimia 40 ndani ya miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Nzuri. Nashukuru na nimeona nyongeza imeanza. Lakini mtu aliyepunguziwa mara moja hawezi tena kuamini nyongeza, analala akijua inaweza kurudi ilikotoka. Mtwapa Kwetu umesema pesa, mimi nasema pesa INAYOKAA.

#25 Mtwapa Kwetu | saa 4:55 asubuhi

Hapo nimeinua mikono. Pesa inayokaa.

#26 Sajenti Mstaafu | saa 5:30 asubuhi

Na hiyo ripoti ya Maraga haikusema pesa peke yake. Ilitaja mambo matatu, upungufu wa fedha, rushwa, na uongozi mbovu. Hilo la tatu ndilo watu hulirukia juujuu. Askari haachi kazi, anaacha mkubwa wake. Nilikuwa na OCS mmoja, marehemu sasa, alikuwa anapanga ratiba ya zamu mwezi mzima na anaibandika ukutani, na alikuwa haibadilishi bila kukuita akakueleza. Kituo kile kilikuwa kibovu, paa linavuja, gari moja, na hakuna mtu aliyeomba kuhama miaka yote ya yule mzee.

#27 Mrembo wa Wundanyi | saa 9:00 alasiri

Jamani kando kidogo, D+ ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) wanayotaka kwa kurutu inatosha kweli mtu kuandika maelezo ya kesi? Kesi ngapi zinaanguka kwa sababu maelezo hayaeleweki? Na meno wanaangalia ya nini?

#28 Mwalimu wa Jiografia | saa 9:17 alasiri

#27 D+ ndiyo wastani, na tena awe na D+ kwenye Kiswahili au Kiingereza. Nimefundisha watoto wa D+ wenye akili ya watu kuliko wa A. Meno sijui, mzee #3 atasema.

#29 Sajenti Mstaafu | saa 9:40 alasiri

Tuliambiwa mtu asiye na meno hataweza chakula cha porini. Mimi nilipita na pengo moja la nyuma, hawakufika huko.

#30 Mbio za Taveta | Jumatatu 17 Novemba, saa 1:25 usiku

Nimetoka uwanjani leo. Tulifika saa kumi na moja alfajiri, tumepangwa mistari, jua lilipanda tukiwa tumeshika viatu mkononi. Urefu nimepita, futi 5 na inchi 8 ni pale pale kwenye mstari wamenipima mara mbili, mbio nimekuwa wa tisa, vyeti, daktari, yote. Nimepewa barua. Mama amelia hadi majirani wakadhani kuna msiba.

Nimekuwa nikiusoma huu uzi tangu Ijumaa, hata leo kwenye mstari. Mwenzangu mmoja amezimia kwa njaa akatolewa, nafikiria sana habari yake. Hakuna aliyeniomba kitu, nasema kama nilivyoona kwenye kituo changu. Lakini dada #1 naomba nikuulize kwa heshima, mdogo wako angepewa nafasi ya kurudi nyuma angeingia?

#31 Kurutu14 | saa 1:33 usiku

Hongera sana #30. Kutoka moyoni.

#32 DadaWaVoi | saa 3:48 usiku

#30 hongera. Nilimpigia jana baada ya posti ya nesi, tukaongea saa nzima, hatujawahi kuongea hivyo. Swali lako nimemtumia leo akajibu kwa sauti, nimeisikiliza mara tatu.

Amesema angeingia. Alichokosa si mshahara, si nyumba, si mambo ya Baragoi, ingawa kuna jambo moja alilolitaja ambalo siwezi kuliandika hapa. Kilichomtoa kilikuwa ruhusa. Baba alipougua aliomba siku nne, akaambiwa hakuna mtu wa kushika zamu yake, baba akafa Alhamisi, yeye akafika Jumamosi tumeshazika. Akarudi kazini akakuta mwenzake wa chumbani amepewa wiki mbili kwenda harusi. Akavumilia mwaka mzima baada ya hapo. Mimi ndugu yake sikujua mpaka jana, nilidhani alichelewa kwa usafiri, nilimkasirikia matangani mbele ya watu.

#33 MamaPacha Likoni | saa 3:55 usiku

Ya Rabi. Pole dada.

#34 HesabuZaMtaa | saa 4:01 usiku

Pole sana. Lakini naomba niseme, "hakuna mtu wa kushika zamu" ni idadi hiyo.

#35 Sajenti Mstaafu | saa 4:04 usiku

Mwenzake alipataje wiki mbili kama ni idadi? Huo ni uongozi. Pole binti yangu.

#36 Mbio za Taveta | saa 4:20 usiku

Pole dada, asante kwa kuuliza. Mwambie namshukuru.

Mzee Sajenti, nibebe nini?

#37 Sajenti Mstaafu | saa 4:38 usiku

Fuata orodha iliyo kwenye barua, usinunue zaidi ya hapo. Kama ni Kiganjo, kule Nyeri ni baridi ya mlima, beba soksi nzito jozi sita na mafuta ya mgando ya miguu, zile buti mpya zitakutoa ngozi wiki ya kwanza usione haya kwenda zahanati. Kufuli mbili. Nakala za vyeti acha kwa mama. Na mzee wako asiuze ng'ombe.

#38 Kurutu14 | saa 4:50 usiku

Sanduku la bati ninalo, zima, kufuli lake lipo. Nitalifuta jina. Uko Taveta sehemu gani? Niandikie kando.